Mwalimu wa Roketi za Kadiri

Vitu vidogo alividharau, na vikubwa alivikwepa. Kikombe chake cha chai kilikuwa cha kadiri, mbwa wake alikuwa wa kadiri, na ukimuuliza habari za asubuhi hakusema nzuri wala mbaya. Alisema, "Za kadiri, dada." Sisi walimu wenzake pale Kibaha tulimcheka kwa hilo miaka yote. Yeye alitungoja tumalize kucheka, kisha akaendelea na alichokuwa anasema.

Alifundisha fizikia katika shule yetu ya sekondari, nami nilifundisha sayansikimu, yaani upishi, ushonaji na usafi wa nyumba. Alinizidi umri kwa miaka kama kumi na mitano. Jina lake ninalo, lakini sitaliandika, kwa sababu nikiliandika itabidi niandike na langu, na ujasiri huo bado sina. Nitamwita Mwalimu.

Watu wengi wanaomkumbuka wanakumbuka roketi. Alizitengeneza kwa mikono yake, akazirusha, akazifuata porini, akazirudisha, akazirekebisha, akazirusha tena. Nazo zilikuwa za kadiri. Urefu wake ulianzia ncha ya kidole cha kati mpaka begani, na mwanafunzi aliyetaka kujua kipimo hicho katika sentimita aliambiwa aende akapime mkono wa Mwalimu mwenyewe.

"Roketi ndogo ni njiti ya kiberiti yenye kiburi," alikuwa akisema. "Inaruka, hujaiona, imekwisha, na mtoto hajajifunza kitu. Roketi kubwa inataka serikali, uzio na hotuba. Hii yangu unaibeba kwapani. Ukiipoteza unasikitika siku moja, na baada ya wiki tatu unayo nyingine."

Kiwiliwili cha roketi alikisokota kwa karatasi ya kaki iliyopakwa uji wa muhogo, tabaka juu ya tabaka, akizungushia bomba la maji mpaka ikauke na kulia kama ubao ukiigonga. Ncha aliichonga kwa mti wa msufi, kwa kuwa ni mwepesi na haukilalamikii kisu. Mapezi matatu ya chini aliyakata kutoka kwenye masanduku ya majani ya chai. Baruti aliichanganya peke yake, mlango umefungwa, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuruhusiwa hata kuuliza. Ukipita nje ya maabara siku hiyo ulimsikia akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, tena vibaya sana.

Kati ya zote alizotengeneza, alizipenda tatu, na kila moja aliipa cheo. Karani ilikuwa nyembamba, iliyonyooka, haikuwahi kumpa taabu, na nadhani kwa sababu hiyo aliipenda kidogo kuliko nyingine. Bwana Shamba ilikuwa nene, nzito, ilipanda polepole huku ikitikisika, lakini ilibeba mzigo. Aliwahi kuipandisha na yai la kuku tumboni mara tatu siku moja, na mara zote yai lilishuka zima. Kisha alilileta jikoni kwangu akaomba nimkaangie. Alilila amesimama, bila chumvi, na akaandika kwenye daftari lake kwamba ladha haikubadilika.

Ya tatu ilikuwa Tarishi. Hiyo ndiyo iliyokwenda juu kuliko zote, na ndiyo ninayotaka kuizungumzia, lakini kwanza niseme alivyokuwa yeye, maana bila hivyo mtu atadhani alikuwa mzembe.

Hakuwa mzembe. Kabla ya kurusha hakuhesabu kinyumenyume kutoka kumi kama wanafunzi walivyotaka. Aliona hayo ni maonyesho. Alikuwa na maswali yake, na kila swali lilikuwa na mtu wake wa kulijibu. Aliuliza kwa sauti, "Upepo?" na aliyepewa upepo alisema unatoka wapi. "Ng'ombe?" na aliyepewa ng'ombe alisema wako umbali gani. "Watu?" "Mwavuli?" Ukijibu "sawa" alikugombeza. Alitaka useme ulichokiona kwa macho yako. Siku moja kijana alijibu "watu hakuna" bila kugeuza shingo, Mwalimu akakunja waya, akafunga betri kwenye kikapu, akawarudisha wote shuleni, safari nzima ya lori kutoka Magindu alikorushia, roketi ikiwa haijaruka.

Hata hivyo alikuwa na ukatili wake. Nilimwona akivunja kwa goti roketi ya mwanafunzi mbele ya darasa kwa sababu pezi moja lilikuwa limepinda, na mtoto yule alikuwa ameitengeneza mwezi mzima. Mtoto alilia. Mwalimu alimpa karatasi mpya na kumwambia aanze. Nilipomwambia baadaye kwamba amefanya vibaya, alisema pezi lililopinda halijui kama mwenye roketi ni mtoto.

Na mtu huyohuyo, mwanangu wa pili alipofariki, alikuja nyumbani kwangu Sofu siku ya tatu, watu wakiwa wamepungua. Hakusema pole. Alikaa dakika chache, akautazama mlango wetu uliokuwa unakwaruza sakafu, akaenda, akarudi na bisibisi na randa. Aliufanyia kazi mpaka ukafunga bila kelele. Kisha akavaa kofia yake akaondoka. Mume wangu alisema huyu mtu hana utu. Mimi nilijua kwamba kwa siku zote hizo tatu kila kelele ya mlango ule ilikuwa inanifanya nidhani mtoto ameingia, na sijui yeye alijuaje.

Alikuwa Mlutheri asiyekosa ibada, lakini hakukubali mtu aombe kabla ya kurusha roketi. "Mungu asibebeshwe hesabu zangu," alisema. Darasani neno lake lilikuwa moja: andika ulichokiona, usiandike ulichotaka kukiona. Mwanafunzi aliyenakili jibu kutoka kitabuni, hata kama jibu lenyewe lilikuwa sahihi, alirudia jaribio Jumamosi huku wenzake wakicheza mpira.

Mimi niliingia katika mambo haya kwa njia ya cherehani. Roketi ikifika juu kabisa ilijifungua, na mwavuli wa kitambaa ulitoka kuishusha taratibu. Mwalimu hakujua kushona. Mwavuli wake wa kwanza niliuona umetundikwa dirishani maabara, mishono inakwenda huku na huku, nikamhurumia. Tangu hapo nilimshonea mimi, zaidi ya miaka mitatu, kwa mabaki ya vitambaa vya darasani.

Siku ya kwanza alinifundisha jambo moja. Katikati ya mwavuli kukatwe shimo, ukubwa wa mdomo wa kikombe. Mwavuli mzima hukaa juu muda mrefu na upepo huupeleka unakotaka. Ukiwa na shimo, hewa hupita, roketi hushuka haraka, karibu na ulipo. Niliona ajabu kwamba chombo cha kushukia kinahitaji kutobolewa, lakini nilikata. Kila mwavuli niliomshonea niliukata shimo, isipokuwa mmoja.

Roketi zilirushwa Magindu, kwenye uwanda ambao nyasi zake zililiwa na ng'ombe mpaka zikawa fupi. Lori la shule lilikwenda huko mara kwa mara kununua ng'ombe wa jikoni, na Mwalimu alipanda nyuma na vikapu vyake. Karibu na uwanda ule aliishi mkulima anayeitwa Kondo, pamoja na mama yake ambaye miguu yake ilikuwa imekufa ganzi na hakuweza kutembea. Nyumba yao ilikuwa peke yake katikati ya mihogo, kama nyumba za watu wengi wa kule zilivyokuwa, huyu hapa na mwenzake ng'ambo ya bonde. Roketi ikianguka shambani kwa Kondo, aliileta mwenyewe, ameishika kwa mikono miwili, na hakuchukua chochote. Mama yake aliwapa wanafunzi maji.

Kisha ukaja mwaka wa kuhamia vijijini. Watu wa kule walikusanywa, wengine kwa hiari na wengine kwa lori, wakapelekwa mahali pamoja ng'ambo ya mwinuko wa vichaka. Nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka. Kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, zilijengwa kwa fito na nyasi tupu, na kati ya nyumba na nyumba ungeweza kunyoosha mikono ukazigusa zote mbili. Mama yake Kondo alipakiwa kwenye lori pamoja na kitanda chake. Kondo alirudi shambani kwake mara mbili, na mara mbili akarudishwa. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama mbele ya viongozi akasema, "Nyumba hizi zimebanana mno. Ikiungua moja, siku hiyo zitaungua zote." Karani wa mkutano aliyaandika maneno hayo.

Mwalimu alikipima kijiji kile. Alitembea kutoka pale anaporushia hadi nyumba ya kwanza akihesabu, akapata hatua elfu moja na mia nne. Roketi zake hazikuwahi kuanguka mbali zaidi ya hatua mia nane. Alisema mia sita zinazobaki zinatosha, na aliendelea kurusha.

Sasa nifike kwenye mwavuli wangu.

Binti yangu mkubwa alikuwa anajiandaa kwa kipaimara, na nilikuwa nimepata kwa taabu kitambaa cheupe cha satini, kipande kimoja kizuri, cha kumshonea gauni. Wiki hiyohiyo Mwalimu alikuja kuomba mwavuli wa Tarishi, mkubwa kuliko kawaida. Mabaki ya darasani yalikuwa yamekwisha, na madukani hakukuwa na kitu. Nikasema moyoni, nitamwazima hiki. Nitashikiza kingo kwa mshono wa kufumuka, kirushwe mara moja, kirudi, nikifue, nikipige pasi, niwe na gauni langu. Lakini kitambaa kikitobolewa katikati, gauni halipo. Nilishika mkasi, nikauweka chini. Sikumwambia.

Shule ilikuwa imefungwa na wanafunzi walikuwa makwao. Mwalimu alinialika niende nami, kwa kuwa tangu nianze kushona sikuwahi kuona hata mwavuli mmoja ukifunguka. Mume wangu alinitania kwamba nakwenda kutazama nguo ikianguka. Dereva wa lori alitushusha uwandani akaendelea mnadani, tukabaki wawili.

Ilikuwa saa tano asubuhi, kiangazi, nyasi zimekauka. Mwalimu aliukunja mwavuli mwenyewe, kama alivyofanya siku zote, akauingiza tumboni mwa Tarishi. Nilitazama pembeni. Kisha aliisimamisha kwenye fimbo yake ya chuma, akaunganisha waya, akaanza kuuliza, na yote niliyajibu mimi.

"Upepo?"

"Unatoka nyuma yetu, unakwenda kule kwenye mwinuko. Si mkali."

"Ng'ombe?"

"Sioni ng'ombe."

"Watu?"

"Sioni watu."

"Mwavuli?"

"Uko tayari," nikasema.

Hakunigombeza kwa jibu hilo. Aligusisha waya kwenye betri.

Siwezi kusema uongo kwamba haikuwa nzuri. Ilipanda ikiacha mstari wa moshi, ikawa nukta, na pale juu kitambaa cha binti yangu kikafunguka cheupe na cha duara. Nilipiga vigelegele. Kisha tulingoja kishuke, nacho hakikushuka. Kilisogea. Kilipita juu ya mashamba yaliyoachwa, kikapita juu ya vichaka vya mwinuko, na Mwalimu alikuwa ameinua uso akikifuata, mkono mmoja ukiishika saa yake. Kilipotelea ng'ambo. Tumbo la roketi lilikuwa bado la moto.

Tulikuwa tumekwisha kuanza kutembea tulipoona moshi. Mwalimu alikimbia. Nami nilikimbia, nikavua viatu, nikaviacha njiani. Tulipofika, mstari mzima wa kwanza ulikuwa unaungua, nyumba inaipa jirani yake moto bila hata upepo kusaidia. Watu wazima walikuwa kwenye shamba la kijiji. Watoto walikuwa wametoka wenyewe, wamesimama njiani wakilia. Mwanamke mmoja aliyekuwa na homa alikuwa ametambaa nje. Ndani ya nyumba ya nne alikuwamo mama yake Kondo, na tulimsikia.

Mwalimu aliingia. Paa lilianguka akiwa mlangoni, akalishika kwa mikono miwili akijaribu kulisukuma, mpaka wanaume waliofika wakamvuta kwa shati. Yule mama hakutoka. Sauti yake ninaisikia hadi leo, na sitaieleza.

Viongozi walipokuja, walikuwa na mtu wao tayari. Kondo hakuwa kwenye shamba la kijiji asubuhi ile. Alikuwa ametoroka kwenda kung'oa mihogo yake ya zamani. Alikuwa mpinzani wa kuhamia. Alikuwa amesema hadharani kwamba nyumba zitaungua zote, na ilikuwa imeandikwa. Kwamba aliyekufa alikuwa mama yake mzazi walilieleza hivi: hakukusudia moto ufike kule. Watoto walisema wameona kitu cheupe kimeanguka kutoka juu, wakaambiwa wanyamaze. Kondo alichukuliwa siku ileile, kabla ya kumzika mama yake.

Mwalimu aliwaambia palepale kwamba ni roketi yake. Aliwaambia akiwa amenyoosha mikono iliyoungua, ngozi inaning'inia, na wao wakaona shujaa aliyechanganyikiwa kwa maumivu. Mkuu wa shule alimsifu mbele ya wanafunzi muhula ulipofunguliwa. Mwalimu alisimama, mikono imefungwa bandeji, akasema, "Si kweli. Moto ule niliuwasha mimi." Mkuu alitabasamu, akatangaza wimbo. Roketi yenyewe ilikuwa imekuwa majivu pamoja na nyasi na fito, haikubaki hata ya kuonyesha.

Aliandika taarifa. Kurasa tano, na mchoro. Kwa kuwa mikono yake haikuweza kushika kalamu, aliisema na mimi nikaandika, mezani kwangu Sofu, na kila mahali palipokuwa na "tulikuwa wawili" niliandika kama alivyosema. Ofisini waliisoma wakamuuliza nani mwingine alikuwepo. Akanitaja.

Niliitwa. Afisa hakuwa mkali. Alinipa kiti, akaniuliza habari za watoto. Akasema taarifa hii ikiwa kweli, shule itakuwa imechoma kijiji, na kila aliyehusika kazi hana, labda na zaidi ya kazi. Ikiwa si kweli, ni mwalimu mgonjwa anayestahili kupumzika. Mume wangu alikuwa ameniambia asubuhi ile, akifunga kamba za viatu vyake, "Wewe una watoto." Nilikuwa nimekesha nikijisemea kwamba nitasema. Nilikuwa hata nimechagua maneno.

"Mwalimu," afisa aliniuliza, "ulikuwepo?"

"Sikuwepo," nikasema. "Nilikuwa nyumbani."

"Huu si mwandiko wako?"

"Nilimwandikia tu. Mikono yake inaumwa."

Alinishukuru. Kondo alifungwa miaka mitano.

Mwalimu hakunilaumu. Natamani angenilaumu. Alinisalimia kila asubuhi kama zamani, na mkono wake ulipopona kiasi aliandika taarifa ile upya kwa mwandiko wa kupindapinda na kuipeleka tena, na tena, kila mwisho wa mwezi, kwa kila ofisi iliyokubali kupokea karatasi. Zile roketi nyingine, Karani na Bwana Shamba, alizikata vipande akawashia jiko. Mwaka haukuisha akahamishiwa shule ya msingi huko Kisarawe, kufundisha hesabu darasa la tatu, na sikwenda kumuaga.

Ilipita miaka mingi nisimwone. Mume wangu alifariki, watoto waliondoka, na nyumba ya Sofu ilinibakia peke yangu. Nilisikia kwa mwalimu mmoja mstaafu kwamba yuko Masaki, upande ule wa Kisarawe, na kwamba analima. Ilikuwa miaka ya taabu, sabuni na sukari kwa bahati. Nilipata kipande cha sabuni, nikakifunga kwenye khanga, nikapanda lori lililokuwa likienda kuchukua mkaa.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya udongo, anamenya muhogo. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeshikana, akauzungusha muhogo kwa kiganja na kumenya kwa mkono wa kulia. Nywele zilikuwa nyeupe zote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, dada. Umekonda."

Nilikaa. Nilimpa sabuni, tukaulizana habari za walio hai. Alinieleza kwamba Kondo alipotoka gerezani hakutaka kurudi Magindu, akaja kwa wajomba zake hapa, akapewa shamba la mihogo na mikorosho michache. Mwalimu alipostaafu alimfuata. Alimweleza yote siku ya kwanza, akiwa amesimama njiani na sanduku lake. Kondo alimsikiliza, akamwonyesha mahali pa kulala.

"Mwalimu," nikasema, "kuna kitu hukukiandika kwenye taarifa yako, kwa sababu hukukijua. Ule mwavuli haukuwa na shimo."

Aliendelea kumenya.

"Najua."

"Umejua lini?"

"Asubuhi ileile. Niliukunja mimi, dada." Aliutia muhogo kwenye sufuria, akachukua mwingine. "Nikaona kitambaa kizima. Nilikuwa na kisu mfukoni. Nikafikiri, siku zote naushusha haraka, sijawahi kujua ukiachwa utakaa juu muda gani. Dakika nne na sekunde kumi."

Miaka yote ile nilikuwa nimebeba lile shimo peke yangu.

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe mbona hukuniambia?"

Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama alivyowauliza wanafunzi, akitaka jibu. Nilianza kulia, naye alirudi kwenye muhogo wake, kwa sababu hakuwahi kujua la kumfanyia mtu anayelia.

Kondo alikuja kutoka shambani na jembe begani. Alikuwa mwanamume wa rika langu, mwembamba, anayetembea taratibu. Alisema, "Karibu, mama," akamtazama Mwalimu ili amjulishe mgeni. Mwalimu alikuwa ameinamia sufuria. Nilielewa kwamba hatanisaidia.

Nilisimama. "Mimi ndiye niliyeshona ule mwavuli," nikasema. "Ilipasa niutoboe, sikuutoboa, nilikuwa nakitaka kitambaa."

Alilishusha jembe polepole.

"Siku ile ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Na walipokuuliza?"

"Nilisema sikuwepo."

Nilitaka anitukane, anipige, chochote. Akanawa mikono kwenye ndoo, akachukua sahani yake ya kiporo iliyokuwa imefunikwa kando ya mlango, akaingia ndani. Tuliusikia mlango ukifungwa. Tulikaa mpaka muhogo ukaiva, tukala sisi wawili, na hakutoka.

Mwalimu alinisindikiza barabarani kungojea lori lirudi. Nilimuuliza kama Kondo amemsamehe yeye.

"Sijamuuliza. Huu mwaka wa tatu tunalima pamoja. Ananiachia upande wenye udongo laini, kwa ajili ya mikono hii. Zaidi ya hapo hajaniambia neno kuhusu jambo lile." Kisha akasema, "Jumamosi tunapanda. Jembe jingine lipo. Njoo."

"Atakubali?"

"Sijui. Njoo uone."

Lori lilikuja limejaa magunia ya mkaa. Aliniinulia khanga yangu, aliyonifungia muhogo ndani yake, kwa mkono wake mzima, na nikamwambia kutoka juu, kwa sauti, ili asikie kupita mngurumo wa injini, kwamba Jumamosi nitakuja.

Jumamosi niliamka mapema. Nilioga, nikavaa, nikafunga chakula cha njiani kwenye kitambaa. Nilikaa na mzigo ule mapajani, mlango uko wazi, mpaka jua likawa kali na watu wa Sofu wakaanza kurudi kutoka sokoni. Kisha nikafungua kitambaa, nikakila chakula kile mwenyewe. Jumamosi ya pili sikufunga kitu.